Mtu wa Mgomba

Mgonjwa wa kwanza wa Semakula alikuwa mgomba. Kipande chake, kirefu kama mkono na nusu, kililala juu ya benchi nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa hospitali, Kasese, na kila jioni Semakula alikiamkia kwa heshima.

"Habari ya jioni, mama. Jina lako nani?"

Mgomba haukujibu. Semakula alingoja kidogo, kama alivyofundishwa, kisha akaendelea.

"Umewahi kudungwa dawa ya picha? Kifua hukubana usiku? Kuna chakula ukila mwili unakuwasha? Sasa, mama, nitakudunga polepole. Utasikia joto mwili mzima, na mdomoni ladha kama ya chuma. Usiogope. Hupita."

Ndani ya ganda la mgomba alikuwa amepitisha mpira mwembamba wa vali ya baiskeli, akaujaza maji aliyoyatia rangi kwa maua mekundu. Huo ndio ulikuwa mshipa. Alipapasa kwa kidole, akadunga, akavuta kidogo nyuma kuona kama "damu" inaingia kwenye bomba. Ikiingia, alitabasamu. Isipoingia, aliuomba mgomba radhi na kuanza upya, tangu kwenye jina.

Majirani walikwisha amua kwamba amerogwa. Mkewe Nabirye, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wao Nalule mlangoni, alimtetea kwa namna yake.

"Hajarogwa. Ni kazi. Ila huo mgomba anausalimia vizuri kuliko anavyonisalimia mimi."

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Semakula na mwenzake Baluku walikuwa wapiga picha za eksirei. Picha ya mfupa haina matata: unamlaza mtu, unajificha nyuma ya ubao wa risasi unaozuia miale, unabonyeza. Lakini figo hazionekani hivi hivi. Lazima dawa maalumu ipitishwe kwenye mshipa wa damu, ifike kwenye figo, ndipo picha ipigwe. Zamani dawa hiyo ilidungwa na daktari wa Kihindi. Mwaka sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa nchini, aliondoka pamoja na wenzake wote, na daktari aliyebaki, Akena, alikuwa na mikono miwili tu kwa wilaya nzima. Wagonjwa wa figo walikaa mabenchini wakisubiri hadi wengine wakarudi kwao milimani Bwesumbu kufa polepole. Basi ikaamuliwa: wapiga picha wajifunze kudunga wenyewe. Akatumwa kutoka Kampala Sista Hamidah, Mnubi wa Bombo, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika mbali kuliko yeye.

Siku ya kwanza aliwaambia: "Kutoboa mtu si ufundi. Hata mbu anajua. Ufundi ni kumjua unayemtoboa, na kubaki naye baada ya kumtoboa. Dawa hii inaweza kumkataa mtu. Ikimkataa, uso ndio husema kwanza, kabla ya mdomo. Kwa hiyo?"

"Tuangalie uso, Sista," alisema Semakula.

"Na daktari?"

"Awe karibu, akiitwa asikie," alisema Baluku.

"Na nyinyi mkidunga mkono wangu leo, mtauliza nini?"

Walidunga mkono wake. Baluku alipata mshipa mara ya kwanza, akapiga mluzi. Semakula alipata mara ya pili, akaomba radhi kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza.

*

Wiki ya pili, treni ilimleta mama mkwe.

Yayeri alikuwa mjane wa Kisoga kutoka pande za Kamuli, mnene wa sauti, mwembamba wa mwili. Ubavu wa kushoto ulikuwa ukimuuma kwa miezi. Maumivu yalimjia kama mtu anayekamua nguo, yakamwacha akitapika, kisha yakaondoka yakamwachia aibu ya kupiga kelele mbele ya watu. Daktari Akena alimpapasa, akasema: "Nadhani ni jiwe kwenye figo. Lakini sipasui kwa kudhani. Nataka picha."

Hapo ndipo nyumba ya Semakula ilipoingia mashakani.

Kwa Waganda na Wasoga, mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Anayevunja mwiko hupatwa na obuko: mikono huanza kutetemeka na haikomi hadi kaburini. Kila mtu anamjua mzee mmoja asiyeweza kushika kikombe, na kila mtu anajua kwa nini. Kwa mtu mwingine obuko ni aibu tu. Kwa mtu aliyekuwa akijifunza kuingiza sindano kwenye mshipa, ilikuwa ni kufukuzwa kazi na mizimu.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na paa moja. Semakula akahamia kwa jirani, Sajini Opio, aliyekuwa akilinda stesheni.

"Wewe nafukuzwa na mama-mkwe?" Sajini aliuliza akicheka. "Mimi nafukuzwa na adui tu, tena mara moja! Ingia. Lala kule. Hapana koroma, hii ni amri."

Kila alipotoka kazini Semakula alizungumza na nyumba yake kupitia dirishani, akiwa ameipa mgongo. Kwa kuwa wakwe hawazungumzi ana kwa ana, maneno yote yalipitia kwa Nalule, mwenye miezi saba.

"Mtoto," Yayeri alisema kutoka ndani, "mwambie baba yako chai hii haina sukari."

"Nalule, mwambie jaja, bibi yako, sukari imeadimika Kasese nzima."

"Mtoto, mwambie baba yako huko Kamuli tunaishi karibu na kiwanda chake, na bado hatuioni. Nilitaka tu ajue kwamba najua."

Nalule alipiga chafya. Ilichukuliwa kuwa ujumbe umefika.

Jioni Semakula aliendelea na mgomba wake nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba. Hakufikiri kwamba dirisha lina masikio. Ndani, Yayeri alilala kwa ubavu wa kulia, mzima wa akili na hana la kufanya, akisikiliza.

"Mpaka lini utadunga mti?" Nabirye alimuuliza mumewe jioni moja, akiuinua mgomba kwa vidole viwili. Ulikuwa umeanza kunuka. "Mama amelala pale, ana mshipa wa kweli."

"Nimeshasema na Baluku. Atamdunga yeye Jumatatu. Mimi nitakuwa nyuma ya ubao wa risasi, nabonyeza tu. Hatuonani."

"Baluku yule wa kupiga mluzi?"

"Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu."

"Sikuuliza juu ya mkono." Nabirye aliuweka mgomba chini. "Semakula, mama akifa kwa heshima yako, heshima hiyo utalala nayo wewe. Mimi sitakuwa na nafasi kitandani."

Alitaka kujibu, lakini kutoka ndani Yayeri aligumia, kisha akagumia tena kwa nguvu zaidi, na maumivu yakaja. Nabirye akakimbia ndani. Semakula alibaki nje na sindano yake, akisikiliza mwanamke mzima akilia kama mtoto, umbali wa ukuta mmoja. Alijua namna ya kumshika mtu mwenye maumivu hayo. Alijua pa kumwekea kitambaa cha moto. Akasimama tu, ameipa nyumba mgongo, kama mkwe mwenye adabu.

*

Baluku alikuwa mtu wa Bwera, na kila Jumamosi alikwenda kwao. Jumatatu alirudi juu ya lori la mihogo lililotoka Mpondwe, lori likapasuka gurudumu Kikorongo, na akaingia hospitalini amechelewa, nyusi zake nyeupe kwa vumbi.

"Pole, ndugu," alimwambia Semakula akinawa mikono hadi viwiko. "Dereva ilikuwa mulevi, lori ilikuwa mulevi kuliko yeye. Mama iko wapi?"

"Amelala tayari. Ameshapigwa picha ya kwanza. Mhudumu alimpanga, mimi nikabonyeza." Semakula alisema hayo akiwa nyuma ya ubao wa risasi, na kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe afike alijisikia salama. Serikali, bila kujua, ilikuwa imemjengea pazia la mkwe, zito kabisa, lenye kidirisha kidogo cha kioo ambacho alikuwa amekibandika gazeti.

Sista Hamidah alisimama upande wa kichwa cha mgonjwa, mkono mmoja juu ya sinia la dawa za dharura. Daktari Akena alikuwa chumba cha pili akiandika, mlango wazi. Nabirye alikaa kwenye stuli na mtoto.

Baluku alikuja kwa haraka ya mtu aliyechelewa. "Jambo mama, pole na ugonjwa, hii ni sindano kidogo tu." Akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akaupata mshipa papo hapo. Mshipa wa Yayeri ulikuwa mzuri, umenyooka. Akachukua pamba ya spiriti. Sista Hamidah alifungua mdomo ili amzuie, lakini alitanguliwa.

"Kijana," Yayeri alisema, "mimi naitwa nani?"

Baluku alisita. "Wewe ni mama ya Nabirye."

"Hicho ni cheo. Nimeuliza jina."

"Eh, jina iko kwa karatasi, mama."

"Karatasi ndiyo utakayoidunga? Kifua changu kinanibana usiku au hakinibani?"

Baluku alimtazama Sista. Sista alitazama dari.

"Chakula gani kinaniwasha?" Yayeri aliendelea. "Hujui. Hukuniambia nitasikia joto mwili mzima. Hukuniambia ladha ya chuma. Ningesikia chuma mdomoni ningedhani nimekufa nimeanza kulamba geti la mbinguni! Mgomba uliambiwa haya yote kila jioni, polepole, kwa adabu. Mgomba! Mimi niko chini ya mgomba?"



"Mama, nauliza sasa," alisema Baluku, akifungua mpira.

"Sasa unauliza kwa sababu nimekuuma. Mleteni mtu wa mgomba."

"Mama!" Nabirye alisimama. "Yule ni mkwe wako!"

"Najua ni nani, nilimla mbuzi wake wa mahari. Sikiliza. Huyu kijana anamwogopa Sista. Yule ananiogopa mimi. Mtu akiniingiza chuma mwilini, nataka awe yule anayeniogopa mimi."

Baluku aliangua kicheko. "Kweli, mama. Hata Sista hajanichapa namna hii. Semakula! Toka. Umechaguliwa."

Semakula alitoka ubavu ubavu, uso umegeukia ukutani, kama mtu anayepita karibu na nyuki.

"Sista, mimi siwezi. Mikono..."

"Mikono imefanya nini?"

"Itatetemeka."

"Ikitetemeka kabla ya kumgusa, hiyo si obuko, hiyo ni woga. Woga naujua, una dawa. Nawa."

Alinawa. Yayeri, naye akikumbuka adabu zake, alivuta shuka akajifunika hadi juu ya kichwa, akaacha mkono mmoja tu nje, umelala juu ya meza kama mkono usio na mwenyewe. Sista Hamidah aliitazama shuka, akamtazama Semakula.

"Mwalimu leo nipo, Jumamosi sipo," alisema. "Niambie mwenyewe: shuka hiyo inafaa?"

"Inafaa, Sista," alisema Semakula haraka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumdanganya mwalimu, na hakuweza hata kumtazama.

Kwa upande wake tu, upande wa ukutani, Sista aliinua upindo wa shuka kwa kidole, akainama kidogo, akawa anaona anachotaka kuona.

Semakula alifunga mpira. Akapumua. Akauambia mkono: "Habari ya asubuhi, mama. Jina lako nani?"

"Mtoto," shuka ilisema, "mwambie baba yako naitwa Yayeri."

"Kifua hukubana usiku?"

"Mtoto, mwambie hapana."

"Chakula gani hukuwasha?"

"Mukene. Wale samaki wadogo. Nikila najikuna kama mbwa, lakini nakula."

Semakula alimgeukia Sista. Naye Daktari Akena, aliyekuwa amesikia, alikuja mlangoni. Wakasemezana: mwili unaokataa chakula huenda ukaikataa na dawa. Figo ile lazima ionekane, alisema daktari, lakini kwanza tone moja la kujaribia, kisha kungoja, kisha polepole kuliko kawaida, na sindano isitolewe mshipani hadi mwisho. Alivuta kiti akakaa pale pale.

Sindano iliingia. Semakula alivuta nyuma kidogo: damu ya kweli ikachanua ndani ya bomba. Mkono wake ulikuwa umetulia kama benchi. Akaingiza tone, wakangoja, hapakutokea lolote. Akaanza kusukuma dawa, polepole, midomo ikihesabu.

"Joto limekuja," shuka ilisema. "Na chuma. Kama ulivyouambia mgomba."

"Vizuri, mama. Mkononi panauma?"

"Hapana."

Dawa ikaisha. Kisha, chini ya shuka, Yayeri alipiga chafya. Akapiga nyingine.

"Mtoto," sauti ilisema, nzito kidogo, "mwambie baba yako pua inawasha."

Nabirye alisema baadaye kwamba hakuona mkono wa mumewe ukienda. Aliona shuka ikiruka tu, ikaanguka sakafuni.

Semakula alimtazama mama mkwe usoni. Alikuwa hajawahi kuuona, hata siku ya arusi. Ulikuwa uso wa Nabirye uliotangulia mbele miaka thelathini, ukamngoja. Kope zilikuwa zikivimba. Shingoni vilikuwa vimeota vibonge, kimoja, kingine, kama siafu wamepita.

"Imemkataa kidogo! Daktari! Sista, sinia!" Alikwisha inama juu yake, mkono mmoja ukishikilia sindano isitoke, mwingine umemshika bega. "Mama, nitazame. Mimi, nitazame mimi. Usifumbe macho. Unapumua?"

"Napumua," alisema Yayeri akimkodolea macho yaliyobaki nyufa tu. "Na wewe pumua."

Daktari Akena alikwisha fika. Dawa ya kuzima mwasho ikapitishwa kwenye sindano ile ile, kwa kuwa haikuwa imetolewa. Bomba la pili likawekwa tayari, halikuhitajika. Taratibu vibonge vikaacha kuongezeka, vikaanza kulala. Semakula hakuondoa macho yake usoni mwake, na hakuliachia lile bega, hadi Sista Hamidah alipomgusa kiwiko.

"Kapige picha zako. Sasa niambie: shuka ilifaa?"

"Haikufaa, Sista."

"Niliona uso kabla yako. Nilingoja pumzi moja nione kama utaniuliza mimi au utamwangalia yeye." Akaiokota shuka, akaikunja. "Umefaulu. Baluku, wewe utanidunga mimi tena kesho, na utaniuliza jina."

*

Jiwe lilikuwa dogo, kama punje ya mtama, tena lilikwisha shuka chini karibu na mlango wa kibofu. Daktari Akena alisema hakuna kupasua. Anywe maji hadi achukie maji. Yayeri alikunywa kwa hasira. Baada ya siku chache jiwe lilidondoka kwenye kopo, naye akalifunga ndani ya kiberiti akamwonyesha kila aliyeingia, hata asiyetaka.

Lakini habari zilikwisha enea nyumba kwa nyumba: Semakula amemgusa mama mkwe, amemfunua uso, amemshika bega mchana kweupe. Jioni ya siku ile ya sindano watu walimletea chai. Haikuwa kwa upendo. Kila kikombe kilijazwa hadi mdomoni, nao wakasimama kutazama kama itamwagika. Alikunywa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwa kuwa sukari haikuwapo ilikuwa adhabu kamili.

Sajini Opio alipoteza subira. "Wewe! Simama! Nyosha mikono mbele! Hapana shusha!"

Semakula alinyosha mikono. Uwanja mzima uliinama kutazama.

Kutoka ndani, sauti ilisema: "Mtoto, mwambie afande, kama anataka kuona mtu anayetetemeka, aje hapa adungwe yeye."

Sajini alikumbuka kwamba ana zamu stesheni.

*

Siku ya treni, adabu zote zilirudi mahali pake. Yayeri alikaa dirishani behewani na kiberiti chake kifuani. Semakula alisimama chini, kwenye jukwaa, ameipa treni mgongo, akiitazama milima kana kwamba ameajiriwa kuihesabu. Nabirye alisimama kati yao na Nalule.

"Mtoto," alisema Yayeri, "mwambie baba yako kwamba uso wangu hautazamwi bure. Kwa kuutazama namdai, kwa kuniponya ananidai. Tumemalizana."

"Nalule, mwambie jaja nimesikia."

"Mwambie ule mgomba auzike. Aliyekufa kwa ajili yangu hatupwi jalalani."

"Umezikwa," alisema Nabirye. "Ulikuwa ukinuka."

Filimbi ilipigwa. Yayeri alitazama kushoto na kulia, kisha akautoa mkono wake dirishani, ule wa kulia, kiganja juu.

"Mtoto, mwambie baba yako pale alipodunga panawasha kidogo. Sijui kama pamepona. Mimi si mtaalamu."

Semakula hakugeuka. Alirudi nyuma hatua moja, akapeleka mkono wake nyuma, akapapasa hewani hadi akaufikia ule mkono. Kidole chake kikashuka kutoka kiwikoni, taratibu, kama alivyokuwa akifanya jioni zote zile, kikaupata mshipa. Ulikuwa laini, umejaa, ukipiga.

"Pamepona, mama," alisema. Hakumpitishia mtoto.

"Ahsante, mwanangu," alisema Yayeri. Naye pia hakumpitishia mtoto.

Treni ikavuta. Mikono ikaachana. Moshi ukajaa jukwaani, ukapungua, na Semakula akautazama mkono wake. Ulikuwa ukitetemeka.

Nabirye aliuona. Alitazama huku na huku kama yupo jirani aliyeona, akampa Nalule ambebe, ili mkono upate kazi, wakaondoka wote watatu kurudi chini ya paa lao.